Mtoto aliyetibiwa saratani: uchovu wake si uvivu

Somo letu la leo linawahusu wazazi na walezi, lakini linawahusu pia walimu wa shule na maustadhi wa madrasa, na ningependa wao walisome kabla ya wengine. Tutazungumzia mtoto aliyetibiwa saratani, ambaye sasa amerudi mtaani kwao, nywele zimeanza kuota, anakula, anacheka, na kila jirani anasema alhamdulillahi mtoto amepona. Lakini akifika shule anasinzia juu ya dawati, na akirudi nyumbani hana nguvu hata ya kuvua viatu.

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea kituoni mwanawe wa darasa la tatu. Mtoto huyu alikuwa ametibiwa saratani ya damu katika hospitali kubwa, dripu nyingi zilikuwa zimekwisha na alikuwa katika kipindi cha vidonge vya nyumbani. Mama akasema, "Daktari, nakuomba dawa ya nguvu. Mwalimu wake anasema mtoto ni mvivu, na baba yake naye ameanza kusema maneno hayohayo. Mimi namuona, analala kachoka na anaamka kachoka." Nikamgeukia mtoto, nikamuuliza anajisikiaje. Akanijibu maneno mawili tu, "Miguu inakataa."

Hapo nilikosea. Nilimwambia mama asimpeleke shule, ampumzishe nyumbani mpaka nguvu zirudi zote. Nilidhani ninamhurumia. Walirudi kwangu baada ya miezi minane, na nguvu hazikuwa zimerudi. Mtoto alikuwa mchovu kuliko mwanzo, kwani alikuwa akishinda kitandani na mbele ya televisheni, kisha usiku hapati usingizi. Wenzake walikuwa wamepanda darasa la nne, na yeye alikuwa hataki tena kusikia neno shule likitajwa. Ndipo nikapiga simu kwa wauguzi wa wadi aliyotibiwa, nikafundishwa yale ambayo ilinipasa kuyajua. Mengi ya haya ninayoyaandika leo nimeyajua kwa sababu ya mtoto huyo.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 wanapona ifikapo mwaka 2030. Hapa kwetu watoto wanatibiwa Muhimbili, Bugando na KCMC, na wapo wanaorudi makwao wakiwa wazima. Kwa hiyo mwalimu ambaye hajawahi kuwa na mtoto wa namna hii darasani kwake anaweza kumpata mwaka ujao.

UCHOVU HUU NI WA AINA GANI?

Mtoto aliyecheza mpira juani huchoka, akalala, akaamka mzima. Uchovu tunaouzungumzia hauondoki kwa usingizi. Unaweza kumkuta mtoto asubuhi kabla hajafanya lolote, unagusa mwili na akili pamoja, na unaweza kuendelea kwa miezi mingi baada ya matibabu kwisha. Kwa baadhi ya watoto unachukua miaka.

Sababu zake ni nyingi. Dawa za saratani haziui seli za saratani peke yake, bali hugusa pia uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na misuli, na mishipa ya fahamu. Dawa iitwayo vinkristini, ambayo hutumika sana kwa saratani za watoto, huweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mtoto anaburuta nyayo, anajikwaa pasipo na kitu, na vidole havishiki penseli sawasawa. Prednisoloni na deksamethasoni hudhoofisha misuli ya mapaja, huvuruga usingizi, na humfanya mtoto mpole awe na hasira za ghafla. Mtoto aliyepigwa mionzi ya kichwa anaweza kupatwa na usingizi mzito wiki chache baada ya mionzi kwisha, kisha ukampita. Lakini baadaye, hata baada ya miaka, akawa mzito wa kukumbuka na mzito wa kumaliza kazi kwa wakati.

Aidha kuna dawa iitwayo sisplatini ambayo huweza kupunguza usikivu wa masikio, hasa kwa sauti nyembamba. Mtoto huyu anasikia mlango ukigongwa, lakini maneno ya mwalimu anayapata nusu. Anakaa saa nzima anakaza akili kukisia alichoambiwa. Akifika nyumbani amechoka kama aliyelima, na shuleni ameandikwa mkaidi.

Halafu kuna huzuni, ambayo sisi watu wazima tunaisahau. Mtoto aliyekaa wadini kwa miezi anao marafiki zake wa kule, na wengine hawakutoka. Anayelala mchana kutwa akigeukia ukuta huenda anawafikiria hao. Muulizeni kwa upole, na msimkatize akianza kusema.

TAFUTA KWANZA KINACHOTIBIKA

Kabla ya kupanga lolote la shule, mpeleke mtoto kliniki na umwambie daktari waziwazi kuwa anachoka. Wazazi wengi hawasemi, wanadhani ni jambo la kawaida, na daktari asipoulizwa ana foleni ndefu nje. Apimwe wingi wa damu. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu wa damu, na kwa wa miaka 12 hadi 14 ni chini ya 12. Apimwe malaria, aangaliwe uzito na maumivu, na daktari aamue kama moyo unahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa zipo dawa, mathalani doksorubisini, zinazoweza kuuathiri moyo hata baada ya miaka kupita. Aliyepigwa mionzi ya shingo au kichwa huenda tezi ya thairoidi iliyo shingoni imepunguza kazi yake. Hiyo inatibika kwa vidonge, na uchovu wake ukapungua.

Hapa nawaomba wazazi jambo moja. Msinunue vidonge vya kuongeza damu dukani kabla ya kumuuliza daktari wake. Mtoto aliyeongezwa damu mara nyingi anaweza kuwa na madini ya chuma mengi mwilini kupita kiasi, na kumwongezea mengine ni kumdhuru. Vidonge vingi vya namna hiyo vina pia foliki asidi, ambayo inaweza kupunguza nguvu ya methotreksati, na methotreksati ndiyo dawa ambayo watoto wengi wenye saratani ya damu huinywa kila wiki. Yaani mama ananunua kopo kwa mapenzi, na kopo linapigana na dawa ya mwanawe. Juisi ya choya ni kinywaji kizuri, anywe, ila isichukuliwe kuwa ni tiba ya upungufu wa damu. Habbat sauda nayo, na mitishamba mingine yoyote, itajwe mbele ya daktari kabla ya kutumiwa maadam mtoto bado yuko kwenye dawa. Kumtajia daktari hakupunguzi imani ya mtu.

USINGOJE AMALIZE KUCHOKA

Matibabu ya saratani ya damu huchukua takriban miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ni ya vidonge vya nyumbani. Mzazi anayesema "akimaliza dawa ndipo arudi shule" amemwondolea mtoto madarasa mawili au matatu. Kwa uvimbe wa taya matibabu ni ya miezi tu, lakini hata huko uchovu unabaki nyuma ya dawa. Hivyo basi, daktari akisharuhusu mtoto achanganyike na wenzake, mrudishe shule na uchovu wake, kwa mpango. Akili yake inahitaji shule na moyo wake unahitaji marafiki, na kule kuamka na kuvaa sare humpa siku yake umbo.

Wiki mbili kabla ya kurudi, chukua daftari. Asubuhi, mchana na jioni mwambie mtoto aonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja amechoka kiasi gani: ngumi ni hajachoka, vidole vitano ni hawezi kitu. Andika. Baada ya wiki mbili utaziona saa zake nzuri. Kwa wengi ni asubuhi, lakini si kwa wote, na wengine wana siku mbaya zinazofuata kila dozi. Daftari hili ndilo utakalokwenda nalo kwa mwalimu, kwani mwalimu akiona maandishi hubishana kidogo.

Aanze na kidogo, mathalani muda wa saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, na saa hizo ziwe za masomo yanayotaka akili zaidi, kusoma na hisabati. Kipimo cha kuongeza muda ni asubuhi ya siku inayofuata. Akiamka kama alivyoamka jana, mpango unamfaa, na baada ya wiki moja au mbili mwongezee nusu saa. Akiamka amevunjika, punguza. Kosa la kawaida ni kumwacha siku anayojisikia vizuri afanye kila kitu, akimbie, aende sokoni, amalize kazi za wiki nzima, kisha alale siku tatu.

Wala mapumziko yasiwe ya kitandani tu. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2018 kuhusu uchovu wa watoto wenye saratani iliyatia mazoezi ya mwili miongoni mwa mambo yaliyopendekezwa kwa nguvu. Hatuzungumzii mbio. Kutembea dakika kumi baada ya sala ya alasiri, mkono kwa mkono na baba, kisha dakika kumi na mbili, kunatosha kuanzia. Usingizi wa mchana usizidi saa moja, na usiku alale mapema baada ya Isha, simu na televisheni zikiwa zimezimwa. Kama anatumia prednisoloni na usiku hapati usingizi, muulize daktari kama inafaa ainywe asubuhi.

KUZUNGUMZA NA SHULE

Nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu mkuu, usimtume mtoto wala kaka yake. Beba barua ya hospitali, na yako fupi kama hii: "Mwanangu ametibiwa saratani na anaendelea na kliniki. Ugonjwa huu hauambukizi. Anachoka upesi kwa sababu ya matibabu. Naomba aanze kwa kuhudhuria Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Naomba asikimbie mchakamchaka, asichote maji, na asipigwe viboko. Akipata homa au akitokwa damu, au mwanafunzi yeyote darasani akiugua surua au tetekuwanga, naomba nipigiwe simu siku hiyohiyo." Weka namba ya simu chini. Barua ibaki katika jalada la mtoto, maana walimu huhamishwa.

Suala la viboko lisionewe haya. Mtoto ambaye damu yake ina chembe chache za kugandisha anaweza kuvilia damu vibaya kwa pigo ambalo mwenzake angelisahau kabla ya mapumziko. Na aghalabu anachopigiwa ni kuchelewa, naye amechelewa kwa sababu kila hatua mia anasimama, au kwa sababu konda wa daladala amemwona mwanafunzi akamwacha kituoni. Surua na tetekuwanga nazo ni hatari kubwa kwa mtoto aliye kwenye dawa au aliyezimaliza karibuni. Hospitali ikijulishwa mapema ina namna ya kumkinga.

Darasani kinachomchosha zaidi mara nyingi ni kunakili ubaoni. Mwalimu anaweza kumpa daftari la jirani apige picha kwa simu ya mama jioni, au amruhusu ajibu kwa mdomo. Kama amekwisha kuonyesha kwamba anajua kugawanya kwa hesabu tano, ishirini za nini? Penseli iviringishwe kitambaa au mpira iwe nene, vidole vitaishika vizuri zaidi. Akae mbele, karibu na dirisha lenye hewa, aelekezwe jambo moja kwa wakati mmoja, na wakati wa mapumziko apate pahala pa kujinyoosha dakika kumi na tano, hata kama ni mkeka katika ofisi ya walimu.

Na choo. Hili nililigundua kwa yule mtoto wangu wa darasa la tatu, ambaye alikuwa hanywi maji shuleni kabisa. Misuli ya mapaja ikiwa dhaifu, mtoto anaweza kuchuchumaa lakini hawezi kuinuka. Siku moja alikwama chooni, wenzake wakamcheka, tangu hapo akaamua kutokunywa maji ili asiende. Kukosa maji nako kukamwongezea uchovu na kuumwa kichwa. Baba yake alikwenda na fundi wakapigilia ubao ukutani wa kushikia, kazi ya nusu saa.

Kuhusu nywele, mvulana aombewe ruhusa ya kuvaa kofia. Msichana anayejitanda mtandio ana nafuu hapo, hakuna anayejua kichwa chake kikoje.

MADRASA NAYO NI SHULE

Mimi nimelelewa madrasa, na ratiba yake naijua. Mtoto wa kwetu anaamka alfajiri, anakwenda shule, anarudi mchana, anakula mbiombio, anashika juzuu kuelekea chuoni mpaka magharibi, kisha ana kazi za shule. Mtoto mzima huimudu. Mtoto tunayemzungumzia hawezi, na mzazi anayekubali kupunguza saa za shule mara nyingi huona uzito kugusa za madrasa, akihofia kuwa ameipunguza dini ya mtoto wakati anapoihitaji zaidi.

Ndugu mzazi, sheria yenyewe imemfikiria mgonjwa kabla yetu. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kuswali ameketi, na asiyeweza kuketi ameruhusiwa kuswali akiwa amelala. Mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na mtoto ambaye hajabaleghe saumu haijamlazimu kabisa. Pamoja na hayo, watoto hufunga kwa kushindana na wenzao, na huyu naye atataka kufunga ili aonekane mzima. Mwambieni mapema, kabla mwezi haujaandama, kwamba dawa zake na maji yake ya mchana havikatizwi, na mpeni chakula chake ndani pasipo na macho ya watu.

Ustadh anaweza kufanya mengi. Siku ya shule iwe haina madrasa, na Jumamosi na Jumapili asubuhi, mtoto akiwa amepumzika, ndiyo iwe zamu ya Qur'an. Ampe aya tatu badala ya ukurasa. Amwache asikilize kisomo cha wenzake, kwani kusikiliza nako ni kusoma, na wengi wetu tumehifadhi Juzuu Amma kwa kuwasikia wakubwa kabla hatujazijua herufi. Aegemee ukuta, au akae kwenye kiti. Kukaa chini miguu imekunjwa kwa saa nzima na kuinuka bila msaada ni mzigo kwa mapaja yale. Na awe na chupa yake ya maji, asitumie kata ya mtungi ambayo kila mdomo umeigusa. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kula, na maembe ya pilipili na barafu za mfuko za nje ya lango zisubiri mpaka dawa ziishe.

UCHOVU USIOSUBIRI SIKU YA KLINIKI

Joto la mwili likifika nyuzi 38 kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Usimpe dawa ya malaria ukalala naye mpaka kuche. Vivyo hivyo akiwa mweupe ghafla viganjani na machoni, akitokwa damu puani au kwenye fizi, akihema kwa kupanda ngazi chache, akivimba miguu, akiumwa kichwa asubuhi pamoja na kutapika, akipata degedege, au ukiona uvimbe mpya popote. Na mtoto ambaye alikuwa akiendelea vizuri kisha uchovu ukarudi kwa kasi bila sababu, arudishwe alikotibiwa akachunguzwe upya.

Yule mtoto wa darasa la tatu alianza upya na siku tatu za muda wa saa mbili. Wiki ya kwanza alilia langoni. Tulikubaliana na mwalimu mkuu kwamba arudie darasa lake, na mwanzoni mama aliona aibu, lakini mtoto mwenyewe alifarijika, kwani kurudia alichowahi kukijua kulimchosha kidogo kuliko kukimbizana na kigeni. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anakaa shule asubuhi nzima, siku tano. Baba yake, yule aliyekuwa akimwita mvivu, alinunua baiskeli ya mtumba na ndiye aliyekuwa akimpeleka. Alhamisi bado alikuwa anachoka sana, na Alhamisi hizo mwalimu alimwacha ajinyooshe kwenye mkeka.

Wiki ijayo, inshaallah, tutaangalia usafi wa kinywa kwa mtoto anayetumia dawa za saratani, pamoja na namna ya kuchagua mswaki usiomchubua fizi.